Dodoma Haikuanza na Sisi

Fundi wa nguo anayeishi Dodoma huenda kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na ikishafika Machi simu yangu haipumziki: suti za kike, makoti, magauni ya kitenge yenye bitana, suruali za kuachia kiunoni. Wabunge wanakuja, na wanaokuja kwa sababu yao ni wengi kuliko wao: maofisa wa wizara, madereva, waandishi wa habari, watu wenye shida zao za majimboni. Nyumba za wageni zinajaa, mama lishe wanaongeza masufuria. Bunge likiahirishwa, mji unatulia nami narudi kwenye sare za shule.

Kalenda ya pili ni ya mvua. Hiyo nilifundishwa na jirani, na ndiyo iliyonionyesha mji huu una wenyewe.

Nilizaliwa na kukulia Magomeni, Dar es Salaam. Mume wangu ni mtumishi wa umma. Wizara yake ilipohama tulifunga vyombo, cherehani na ovaloki, tukaja kupanga Ipagala. Wengi tulikuja hivyo. TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipitisha uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma mwaka 1973, kazi ikapangiwa miaka kumi. Bei ya mafuta ikapanda, vita vya Kagera vikaja, fedha zikakosekana, na kwa zaidi ya miaka arobaini serikali ikabaki pwani. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, na safari hiyo ikawa kweli. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu 410,000 hivi, ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000.

Sisi tuliotoka Dar tuna namna moja ya kuusimulia mji huu, na namna hiyo inanikera. Tunasema palikuwa pori na vumbi, serikali ndiyo iliyoleta mji. Huwa nayasikia hayo dukani kwangu, mteja akiwa amenyoosha mikono nikimpima kifua. Nami humjibu kwamba misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo, katika karne ya 19, haikuwa ikipita bure hapa Ugogo, nchi ya Wagogo. Ilisimama, ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Kigogo ndipo ikapewa njia na maji. Katika nchi kavu kama hii, mwenye kisima alikuwa na neno mbele ya tajiri yeyote wa pwani. Reli ya Wajerumani ilikuja baadaye, na serikali ikaja baadaye sana.

Jirani yangu ni bibi mmoja wa Kigogo ambaye nyumba yake ilikuwapo kabla mtaa wetu haujapimwa. Tulipohamia nilikwenda kumwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaangalia ndoo zilizopangwa barazani kwetu.

"Mwanangu, hizi ndoo za kuogea mtu mmoja. Tafuta pipa."

"Maji si yapo bombani, bibi?"

"Yapo leo."

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Watu wameongezeka kuliko visima, kwa hiyo kuna mgao, na kila nyumba yenye uwezo imepandisha simtanki. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili, na mwaka mzima hunyesha kama milimita 550 hadi 600, takriban nusu ya ile ya Dar es Salaam. Kuanzia Mei hakuna tone. Majani yanakuwa ya kahawia, mibuyu inabaki matawi matupu, na kwa mtu wa pwani aliyezoea kuona mchicha ukiota hata mtaroni, ni jambo la kutisha. Nilimwuliza bibi watu wa hapa hula mboga gani miezi yote hiyo. Akaniita jikoni kwake.

Ilikuwa Septemba. Juu ya kabati palikuwa na kopo la plastiki limejaa unga wa kijani kibichi uliofifia, unanukia kama majani makavu. Ni mlenda. Mvua zinaponyesha, mlenda huota wenyewe katikati ya uwele na mtama, na wanawake huuchuma kwa mafungu makubwa. Wa kula siku ile hutengwa, mwingine hutandazwa juani, ukigeuzwageuzwa kwa mkono, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Bibi aliinjika chungu, akatia chembe ya magadi kwenye maji, akangoja yachemke. Ndipo akaanza kudondosha ule unga kwa ncha za vidole vya mkono mmoja, kidogo kidogo, mkono wa pili ukizungusha upekecho bila kusimama. Ukimwaga wote kwa pamoja, aliniambia, unapata madonge. Rangi iliyokuwa imefifia ikarudi, mlenda ukaanza kuvutika, akamalizia kwa karanga zilizotwangwa. Tuliula kwa ugali wa uwele. Mtoto wangu mkubwa aliomba aongezewe. Mdogo hautaki mpaka leo, na simlazimishi.

Tangu siku hiyo siwezi kuvumilia kusikia mtu akisema hapa hapakuwa na kitu. Nchi isiyo na mvua kwa miezi saba imelea watu vizazi na vizazi, na haikuwalea kwa bahati. Kila nyumba ilijua kipi cha kukausha na kwa siku ngapi, nafaka ipi inavumilia jua, mfugo upi wa kuuza kabla malisho hayajaisha. Katika vikao vya kupanga makao makuu mapya wamezungumza wahandisi na wachumi, na kazi yao naiheshimu. Lakini natamani bibi huyu naye angeulizwa.

Mambo mengine nimeyazoea kwa kuishi tu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai ni za sweta. Wateja wanaohamia kutoka pwani nawashauri waweke bitana nzito. Upepo wa Agosti huleta vumbi laini linaloingia hata penye mlango uliofungwa. Cherehani nazifunika kwa kanga kila jioni, na mafuta natia tone tu, maana yakizidi vumbi linaganda kwenye meno ya kusukumia kitambaa na mshono unaruka.

Kuna mteja wangu, mama mkulima wa Mpunguzi, aliyenialika shambani kwake wakati wa mavuno ya Machi. Zabibu nilikuwa nazijua za sokoni tu. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana ni miongoni mwa waliozianzisha hapa, na aina inayolimwa zaidi ni ile nyekundu ya Makutupora. Kwenye nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani na kulala mpaka majira yabadilike. Dodoma haulali. Mkulima huupogoa, nao huchipua na kuzaa upya, ndiyo maana huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mama yule alishika kichala kwa chini, kimekaa chote kiganjani, akakata kikonyo karibu na tawi, kisha akanyofoa tunda moja moja lililopasuka ili lisiozeshe mengine. Ule ungaunga mweupe ulio juu ya ganda alinikataza kuufuta, kwa kuwa unalinda tunda. Mimi nashika mkasi kila siku ya Mungu, na nilimwangalia kwa heshima.

Kilio chake ni soko. Zabibu mbichi hazikai siku nyingi, na wenye viwanda vya mvinyo wakishajaza matangi yao bei huporomoka huku vichala vikiwa bado mtini. Msimu mwingine anauza kwa bei isiyofikia gharama ya dawa. Jiji lenye wizara zote za nchi, lenye Bunge na mikutano kila wiki, linaweza kunywa juisi ya zabibu zake lenyewe. Kila ninapoona meza ya kikao imepangwa juisi za boksi kutoka nje, naumia.

Tangu treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ianze kuja Dodoma mwaka 2024, soko la Kariakoo limesogea. Kwa basi, kilomita 450 hivi zilikula siku nzima. Sasa nafuata vitambaa asubuhi na kurudi usiku. Mama yangu anauliza kwa nini silali Magomeni, namwambia nimeacha maji yanaingia kwenye tanki.

Mwaka huu shamba la bibi nyuma ya nyumba zetu limepimwa viwanja. Mawe ya mipaka yameshazikwa, na madalali wanakuja na wateja wao kutazama. Bibi atauza, wajukuu wanahitaji ada, na bei aliyotajiwa si ya kukataa. Kinachomsumbua ni kwamba mlenda aliokuwa akichuma hatua chache kutoka mlangoni utakuwa chini ya zege. Amekubali kubakiza kiwanja kimoja cha pembeni bila kukiuza, nami nimemwomba nusu yake tulime pamoja. Mbegu za uwele ameshaniwekea. Kilichobaki ni kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa ili mvua zikianza, akina mama wa mtaani, wenyeji na wahamiaji, waruhusiwe kuchuma mlenda kwenye viwanja ambavyo bado havijajengwa, na wenye viwanja waliopo Dar nitawapigia simu mwenyewe.