Je, Wajua? Nyuzi za Ngomeni Kwenye Tuzo za Saturn

Kwa zaidi ya miaka 50 sasa, Marekani imekuwa na hafla ya kuwatuza wasanii wa aina tatu za burudani: bunilizi za kisayansi, hadithi za njozi na hadithi za kutisha. Hafla hiyo inaitwa Tuzo za Saturn, na California, inakofanyika, ni mbali sana na Malindi. Hata hivyo, ukizifuata nyuzi za filamu zinazotuzwa huko, utashangaa ni ngapi zinapitia pwani yetu.

1. Je, wajua kwamba tuzo hizi zilizaliwa kwa sababu ya kudharauliwa?

Mwaka 1972 Donald A. Reed alianzisha akademia ya filamu za kisayansi, njozi na kutisha kwa kuwa aliona filamu za aina hiyo hazipewi heshima inayozistahili. Wakubwa wa filamu walizichukulia kuwa mambo ya watoto. Reed aliamini kwamba kubuni dunia isiyokuwepo ni kazi ngumu kama kusimulia dunia iliyopo, na miaka iliyofuata ikamwonyesha kuwa hakukosea.

2. Je, wajua kwamba filamu ya kutisha iliyoshinda mara ya kwanza ilimhusu mwana wa mfalme wa Kiafrika?

Filamu hiyo ni Blacula, ya mwaka 1972. William Marshall aliigiza kama Mamuwalde, mwana wa mfalme anayesafiri hadi Ulaya kuomba msaada ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwenyeji wake ni Dracula, naye anamgeuza kuwa mnyonya damu na kumfungia ndani ya jeneza. Kwa msomaji wa mwambao huu, ambako biashara hiyo iliacha makovu hadi leo, kisa hicho kina uzito zaidi ya meno na damu.

3. Je, wajua sanamu ya tuzo ina umbo gani?

Ni sayari ya Zohali, yaani Saturn kwa Kiingereza, na pete inayoizunguka ni utepe wa filamu. Mwaka 1978 hafla ilirushwa kwenye televisheni, na mmoja wa waongozaji wake alikuwa William Shatner, nahodha wa chombo cha angani katika mfululizo wa Star Trek. Usiku huo Shatner alipanda jukwaani akaughani wimbo wa Elton John wa Rocket Man, na mpaka leo watu bado wanautazama utumbuizo huo.

4. Je, wajua kwamba Kiswahili kilisikika siku ya kwanza kabisa ya Star Trek?

Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 8 Septemba 1966. Ndani yake kuna kiumbe anayefyonza chumvi kutoka miilini mwa watu na kujigeuza sura apendavyo. Anapomkaribia afisa wa mawasiliano, Luteni Uhura, anajifanya baharia mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili.

Jina la Uhura lenyewe limetokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols, mwigizaji wa nafasi hiyo, alisimulia kwamba alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya iitwayo Uhuru, ya Robert Ruark, na mazungumzo kuhusu kitabu hicho ndiyo yaliyozaa jina. Baadaye alipotaka kuacha kazi hiyo, Martin Luther King alimsihi abaki, kwa sababu watoto weusi walikuwa wakimwona mwanamke wa rangi yao akifanya kazi ya heshima angani. Kuanzia mwaka 1977 Nichols aliisaidia NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga.

Juni 2016 alikabidhiwa Tuzo ya Saturn ya kuenzi kazi ya maisha yake. Katika hafla hiyo hiyo filamu ya Star Wars: The Force Awakens ilizoa tuzo 8, na miongoni mwa waigizaji wake alikuwa Mkenya mwenzetu, Lupita Nyong'o.

5. Je, wajua kwamba Uhuru mwingine alipaa angani kutoka Ngomeni?

Kaskazini ya Malindi, mkabala na kijiji cha Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini. Ni kituo cha anga za juu cha Waitaliano, ambacho wenyeji wamezoea kukiita San Marco. Kiliasisiwa na profesa Luigi Broglio katika miaka ya 1960, na sasa kinaitwa kwa jina lake. Kati ya 1967 na 1988, roketi zilizorushwa hapo zilipeleka angani setilaiti 9.

Kwa nini Ngomeni? Kwanza, iko karibu na ikweta, takriban digrii 3 tu kusini yake. Hapo ndipo dunia inapozunguka kwa kasi kubwa zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki huibeba kasi hiyo bure. Pili, upande wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi havimwangukii mtu. Tatu, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vifaa vya kupimia.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka hapo ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Meneja wa mradi kwa upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, naye aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya wenyeji wake.

Miale hiyo ya angani haiwezi kupimwa kutoka ardhini, kwa kuwa angahewa huizuia kabla haijatufikia. Ndiyo maana kabla ya hapo wataalamu walitegemea roketi ndogo zilizochungulia angani kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikalipekua anga lote na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kundi la wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

6. Je, wajua kwamba shimo jeusi la kwanza kukubalika na wanasayansi lina deni kwa Malindi?

Miongoni mwa vyanzo vilivyochunguzwa na Uhuru ni Cygnus X-1. Setilaiti iligundua kuwa eksirei zake zinapepesa haraka mno, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kitu kinachopepesa hivyo lazima kiwe kidogo sana kwa vipimo vya angani. Kisha wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakaona nyota kubwa ikivutwa huku na huku kila baada ya siku 5.6 na kitu kisichoonekana, kizito mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Leo inakadiriwa kuwa kitu hicho, yaani shimo jeusi, kina uzito wa takriban jua 21, na kiko umbali wa miaka-nuru kama 7,200 kutoka kwetu.

Mwaka 1974 wanafizikia Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau. Hawking alisema Cygnus X-1 si shimo jeusi, Thorne akashikilia kuwa ni lenyewe. Mwaka 1990 Hawking alikubali kwamba ameshindwa.

Thorne huyo huyo ndiye mwanafizikia aliyeisaidia filamu ya Interstellar. Aliwapa mafundi wa picha hesabu zinazoeleza jinsi mwanga unavyopinda ukipita karibu na shimo jeusi, na picha waliyoipata imekuwa sura ya shimo jeusi akilini mwa mamilioni ya watazamaji. Mwaka 2015 Interstellar ilitwaa Tuzo ya Saturn ya filamu bora ya kisayansi. Unapoitazama, kumbuka kwamba mashimo meusi yalihama kutoka kwenye dhana hadi kwenye ramani ya anga kwa msaada wa chombo kilichoondoka kwenye maji ya Ngomeni.

7. Je, wajua kwamba Malindi iliwahi kupeleka mnyama wa njozi China?

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme Yongle wa China. Huko hawakuwa wamezoea mnyama wa namna hiyo, wakamchukulia kuwa qilin, mnyama wa ngano zao anayejitokeza pale mtawala mwema anapoketi kitini. Wajumbe walirudishwa makwao na msafara wa merikebu za amirali wa China, Zheng He. Karne 6 baadaye, mwaka 2022, qilin alionekana tena katika filamu ya tatu ya Fantastic Beasts, akiwa na kazi ile ile ya kumtambua kiongozi mwenye moyo safi.

8. Je, wajua kwamba Kikuyu kilitumika kama lugha ya sayari nyingine?

Katika Return of the Jedi, filamu iliyoshinda Tuzo ya Saturn ya filamu bora ya kisayansi ya mwaka 1983, kuna rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya huko Marekani, na maneno yake yalitoka katika lugha za Kenya, Kikuyu kikiwemo. Watazamaji wa kwetu waliyaelewa bila tafsiri.

9. Je, wajua kwamba Wakenya wameshinda kwa njozi zao wenyewe?

Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009. Inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya kugombea maji, na binti aitwaye Asha anayeuhatarisha uhai wake ili mche mmoja uote. Mwaka 2010 ilipata tuzo ya filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru huko Cannes.

Naye Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa aliandika riwaya ya The House of Rust. Ndani yake, binti wa mvuvi aliyepotelea baharini anamfuata baba yake kwa mashua ya mifupa, akisindikizwa na paka anayesema. Mwaka 2022 riwaya hiyo ilikuwa ya kwanza kabisa kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, yenye zawadi ya dola 25,000. Majini, papa na makusi ya bahari yetu yalitosha kuwashawishi waamuzi wa ng'ambo.

10. Je, wajua kwamba Kiswahili kina safari yake ya angani?

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwandishi wa Pwani ya Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa sababu za kisiasa, alichapisha riwaya ya Walenisi. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo na kutiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili akafie huko. Hafi. Anatua katika nchi ambako watu wanaishi kwa haki na usawa, na kila anachokiona kinamfanya aipime upya nchi aliyotoka. Hiyo ndiyo nguvu ya bunilizi za kisayansi: humpeleka msomaji mbali ili ayaone vizuri ya nyumbani kwake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika uwanja huu, waliocheza kwetu wametunzwa zaidi ugenini. Tangu 2017 bara letu lina Tuzo za Nommo kwa bunilizi za namna hii, na mshindi wa kwanza wa riwaya alikuwa Tade Thompson kwa Rosewater. Waandishi wa Kiswahili nao wanastahili jukwaa lao: shindano la hadithi za kisayansi, njozi na kutisha zilizoandikwa kwa lugha yetu, likiandaliwa na kaunti, shule na wachapishaji wetu. Mahali palipo na magofu ya Gede, San Marco na Walenisi hapakosi malighafi. Mwanafunzi wa Ngomeni anayeishi mkabala na majukwaa yaliyorusha Uhuru ana haki ya kujua habari hizi darasani, na ana kila sababu ya kuandika zinazofuata.