Aya Moja, Tafsiri Nyingi: Uumbaji Katika Qur'ani na Sayansi ya Leo

Aya ya 30 ya Sura Al-Anbiyaa imevuma sana siku hizi kwenye mihadhara na video. Inazungumzia mbingu na ardhi kuwa zilishikamana kabla ya kutenganishwa, na wengi huishika kuwa ni habari ya Mlipuko Mkuu, ambao wanasayansi wanakadiria ulitokea miaka bilioni 13.8 iliyopita. Njia hii ilipata nguvu baada ya daktari Mfaransa, Maurice Bucaille, kuchapisha mwaka 1976 kitabu chake cha kulinganisha Biblia, Qur'ani na sayansi. Nia ni njema, lakini naona imani inaegemezwa pasipo imara. Qur'ani na sayansi vinaweza kupatana bila ya kila aya kutafutiwa ugunduzi wake.

Mfasiri mkubwa At-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alikusanya kauli za waliomtangulia kuhusu aya hiyohiyo, na hazikuwa kauli moja. Wapo waliosema mbingu na ardhi ziligandana, Mungu akazitenga kwa hewa. Wengine walisema mbingu ilikuwa imefungwa haitoi mvua na ardhi imefungwa haioti kitu, kisha zikafunguliwa, ile kwa mvua na hii kwa mimea. Tabari aliipa uzito kauli hii ya mvua, kwa kuwa aya inaendelea papo hapo kutaja maji kuwa asili ya kila chenye uhai. Ni hoja yenye nguvu: aya inawauliza makafiri kama hawakuona, na mvua inayofufua nchi kavu walikuwa wakiiona kwa macho yao.

Anayeifunga aya kwenye nadharia moja anaifunga pia kwenye hatima ya nadharia hiyo. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, msingi wa nadharia ya Mlipuko Mkuu, lakini mwaka 1948 Fred Hoyle na wenzake wakaja na nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, na ubishi haukupoa hadi wanasayansi Penzias na Wilson walipotangaza mwaka 1965 kwamba wamenasa mnururisho, ambao ulielezwa kuwa ulibaki tangu zama za awali za ulimwengu. Papa Pius wa 12 alipoitaja nadharia ya Lemaître mwaka 1951 kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alionya kwa upande wa pili: anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe.

Patakuwa na atakayeuliza: vipi siku sita za uumbaji, na dunia ina miaka bilioni 4.5, umri ambao Clair Patterson aliupata mwaka 1956 kwa kupima madini ya risasi ndani ya vimondo? Qur'ani yenyewe inataja siku iliyo kama miaka 1,000 katika Sura Al-Hajj, na siku ya miaka 50,000 katika Al-Maarij. Siku hizo hazilazimiki kuwa za saa 24. Ila kuzidisha miaka hiyo ili ipatikane hesabu ya wanajiolojia ni kurudia kosa lilelile.

Penye uzito hasa ni kwa Nabii Adam. Fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, na nyayo za Laetoli zimezidi milioni 3.6. Qur'ani haikutaja Adam aliumbwa lini, wala haikukana kuwapo kwa viumbe kabla yake, kwa hiyo Mwislamu anaweza kuukubali umri wa mabaki hayo bila kuigusa itikadi yake. Wengi wa maulamaa wanashikilia kwamba Adam hakuwa na wazazi, na Aali Imran 59 inamfananisha na Isa. Huo ni muujiza, na sayansi haina kipimo cha muujiza wa mara moja, kama isivyoweza kupima uzazi wa Isa bila baba. Kinachobaki ni uhusiano wa kizazi cha Adam na viumbe hao wa kale. Hapo maulamaa wa leo wanatofautiana kwelikweli, na kijana anayesoma biolojia asubuhi na Qur'ani jioni ana haki ya kuzisikia hoja zao zote kutoka kwa ustadhi wake.