Uwanja wa Lugalo na Funzo Lake kwa Masasi na Newala

Gofu ni mchezo unaokula ardhi. Uwanja kamili wa mashimo 18 huhitaji ekari zaidi ya mia moja, ilhali wanaoutumia kwa wakati mmoja ni wachache kuliko watazamaji wa mechi moja ya kandanda. Kwa hiyo historia ya uwanja wa gofu ni historia ya ardhi: nani aliipata, nani alizuiwa, na nani baadaye alifunguliwa lango.

Ndugu zetu wa Unguja wanaufahamu mfano wa zamani. Kilabu ya Waingereza iliundwa huko mwaka 1888. Pale Mnazi Mmoja, katikati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, Wazungu walitengewa nafasi ya gofu, kriketi na tenisi, na vijana wa Ng'ambo wakasukuma kandanda jirani yao. Uwanja uliwaburudisha watawala, na wakati huohuo uliyatenga makazi ya watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo la kilabu lilipewa jina la Africa House, na Mnazi Mmoja ukabaki kiwanja cha mpira na sherehe za umma. Dar es Salaam nako, Gymkhana ya pwani ilikuwa ya Wazungu wakati wa ukoloni.

Uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam, una asili nyingine. Kambi hiyo zamani iliitwa Colito, kwa kukumbuka mahali nchini Ethiopia ambako askari wa King's African Rifles walipigana mwaka 1941. Hapo ndipo yalipoanzia maasi ya askari ya Januari 20, 1964. Jeshi la Wananchi liliundwa Septemba mwaka huohuo, na kambi ikaja kupewa jina la Lugalo, mahali pale Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Uwanja wa gofu ulianzishwa katika miaka ya 2000, enzi za Jenerali George Waitara, Mkuu wa Majeshi kuanzia 2001 hadi 2007. Mashindano ya Kombe la Waitara huendeleza kumbukumbu yake.

Uwanja huo ni mali ya jeshi, lakini raia nao hukubaliwa kuwa wanachama. Ndiyo maana twauita wa nusu faragha. Faida yake haikanushiki: ardhi imebaki mikononi mwa umma, na askari na raia hukutana mchezoni. Aidha, katika viwanja vya nchi hii wamo vijana walioanza kwa kubeba mikoba ya wachezaji, kisha wao wenyewe wakawa wachezaji hodari. Hata hivyo tusijidanganye. Lango la ada si lango la rangi, lakini bado ni lango, na mkulima wa korosho hapiti kwa urahisi.

Msomaji wa Masasi au Newala atauliza yamhusu nini. Yamhusu, kwa kuwa miji yake inapanuka na maeneo ya wazi yanawindwa. Isitoshe, jirani yake Nachingwea ameona jinsi ardhi inavyobadilishwa kazi. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori kwa ajili ya mradi wa karanga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeshindwa. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa huko. Ardhi ileile iliyofyekwa kwa faida ya mkoloni ilisaidia kumng'oa mkoloni wa Msumbiji.

Lipo pia suala la maji. Uwanda wa Makonde hunyonya mvua kama mchanga, na kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Maji ya bomba kutoka Mitema husukumwa kupanda mlima kwa gharama kubwa. Nyasi za gofu hunywa maji kila siku. Viwanja kadhaa vya Afrika vilikwepa jambo hilo kwa kuweka mchanga uliochanganywa na mafuta kuzunguka mashimo badala ya nyasi, na mchezo ukaendelea.

Hatusemi gofu ni dhambi. Twasema kwamba halmashauri itakayoombwa ardhi kwa ajili ya kilabu chochote cha nusu faragha, kiwe cha gofu au cha burudani nyingine, iweke masharti matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, hati ya ardhi ibaki ya umma. Pili, ada itangazwe hadharani, na watoto wa shule watengewe siku zao bila malipo. Tatu, kisichukuliwe hata debe moja la maji ya bomba wakati mitaa ina kiu. Anayekubali masharti hayo akaribishwe. Anayeyakataa aelezwe kwamba kiwanja cha mpira cha vijana kilikuwapo kabla yake, na kitabaki.