Kibodi isiyopiga kelele: Mambo ya kukagua kabla hujatoa hela dukani

Kwenye nyumba ya kupanga isiyo na dari, ukuta unaishia chini ya bati na sauti ya chumba kimoja inapita juu hadi cha pili. Kikohozi kinasikika, redio inasikika, na ikifika saa 6 usiku kibodi ya kompyuta nayo inasikika.

Hilo wanalijua vizuri wanaochukua kazi za kuchapa na kwenda nazo nyumbani, iwe Mtendeni au mtaa mwingine wowote wa Tabora mjini. Barua, muhtasari wa kikao au ripoti ya mwanachuo inatakiwa asubuhi. Mtoto amelala chumba hichohicho, na jirani anaamka alfajiri kuwahi kibaruani.

Kibodi tulivu zipo, na si zote zenye bei ya kutisha. Kazi ni kuzitambua, maana kwenye boksi karibu kila moja inajisifu.

Tabora na kazi ya kuchapa

Tabora ni mji wenye historia yake kwenye kazi hii. Hapo ndipo kilipokuwa Chuo cha Uhazili Tabora, kilichofundisha makatibu mahsusi wa serikali kuchapa na kuandika hatimkato. Leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania (TPSC), kilichoanzishwa mwaka 2000.

Waliojifunzia kwenye taipu za zamani walifundishwa kugonga kwa nguvu, na ilikuwa lazima. Nguvu ya kidole ndiyo iliyorusha nyundo ya herufi hadi kwenye utepe wa wino na karatasi. Ukigonga kivivu, herufi inatoka hafifu, na nakala za chini ya karatasi ya kaboni hazisomeki kabisa.

Kompyuta haihitaji nguvu hiyo. Lakini mazoea yamebaki, na wengi waliofundishwa na walimu wa enzi hizo bado wanatwanga kibodi kama wanatwanga kisamvu.

Kelele inatoka wapi?

Kelele ya kibodi ina vyanzo vitatu.

Cha kwanza ni kitufe, au batani kama wengi wanavyokiita, kinapogonga chini baada ya kubonyezwa hadi mwisho. Hii ndiyo kelele kubwa kwenye kibodi nyingi.

Cha pili ni kitufe kinaporudi juu na kugonga fremu yake. Vitufe virefu kama cha nafasi, Enter na Shift ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu chini yake mara nyingi kuna waya wa kuvisawazisha. Waya huo ukilegea, unacheza.

Cha tatu ni meza. Meza nyembamba ya mbao inafanya kazi kama ngoma: inapokea kishindo na kukikuza. Kibodi ileile ukiiweka juu ya kitambaa kizito, sauti inapungua hapohapo.

Aina tatu utakazokutana nazo

Kibodi za mpira. Ndizo nyingi madukani na maofisini. Chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira kinachobonyea na kurudi. Bei yake ni nafuu na kelele ni ya wastani. Udhaifu wake ni kwamba mpira unachoka: baada ya matumizi ya muda mrefu vitufe vinakuwa vizito, au vinazama na kuchelewa kurudi.

Kibodi za mkasi. Hizi ni kama za kompyuta mpakato. Vitufe ni vifupi na bapa, na chini yake kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi. Kitufe kinashuka kidogo tu, mara nyingi milimita 2 au chini yake, wakati swichi za kawaida za aina ya tatu zinashuka karibu milimita 4. Mwendo mfupi maana yake kishindo kidogo. Kwa mtu anayetaka utulivu bila gharama kubwa, aina hii ndiyo ya kuanza nayo.

Kibodi za mekanikali. Kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Zinadumu sana na vidole vinazipenda, lakini hapa ndipo watu wanapopotea. Kampuni nyingi hutofautisha swichi kwa rangi, kwa kufuata utaratibu uliozoeleka kutoka kwa kampuni ya Cherry ya Ujerumani. Bluu inalia "tik" kwa makusudi kila ukibonyeza. Hiyo usiipeleke kwenye chumba anacholala mtoto. Kahawia haina mlio huo, ila kidole kinahisi kijiwe kidogo katikati. Nyekundu inashuka laini bila kijiwe.

Angalizo: nyekundu na kahawia hazina mlio wa makusudi, lakini ukigonga kwa nguvu bado kishindo cha chini kipo. Zipo swichi maalumu zenye vipande vya mpira ndani vya kumeza kishindo. Hizo ndizo tulivu kweli, na bei yake inapanda.

Kiswahili kinachosha kidole kidogo

Hili matangazo ya kibodi hayakwambii, kwa sababu nyingi zinatengenezwa na kusifiwa kwa kufikiria Kiingereza.

Mpangilio wa herufi za QWERTY ulitokana na taipu ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoingia sokoni miaka ya 1870. Kwenye mpangilio huo, herufi A imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kwa Kiingereza si mzigo mkubwa, maana herufi inayotumika zaidi ni E, ambayo inabonyezwa na kidole cha kati. Kwa Kiswahili, herufi inayotumika kuliko zote ni A.

Chukua neno moja tu: anawatazama. Lina herufi 11, na 6 kati ya hizo ni A. Ukiongeza Z, kidole kidogo cha kushoto kinabonyeza mara 7 kwenye neno moja. Wakati huohuo Q na X, zilizowekwa pembeni ya kidole hicho, Kiswahili sanifu hakizitumii kabisa.

Ndiyo maana kwenye kibodi za steshenari herufi A huwa ya kwanza kufutika. Na ndiyo maana anayechapa Kiswahili kutwa nzima anahitaji kitufe cha A kilicho chepesi. Vitufe vingi vinahitaji uzito wa takriban gramu 45 hadi 60 ili vibonyee. Kwa kidole dhaifu kuliko vyote, ule upande wa chini ndio mzuri.

Kagua hivi dukani

1. Omba kuijaribu. Kama simu yako ya Android inakubali waya wa OTG, chomeka kibodi ya USB kwenye simu, fungua sehemu ya kuandika ujumbe, na chapa aya nzima ya Kiswahili. Kwa vitufe vingi huhitaji kompyuta.

2. Bonyeza A mara 20 kwa kidole kidogo cha kushoto. Kikianza kuchoka hapohapo dukani, fikiria kurasa 30.

3. Bonyeza kitufe cha nafasi katikati, kisha pembe ya kushoto, kisha ya kulia. Sauti na uzito vinatakiwa kulingana. Kikikwama pembeni au kikilia kama kopo, achana nacho.

4. Papasa F na J. Vinundu vyake vinatakiwa kuhisika bila kuangalia. Bila hivyo, anayechapa bila kutazama atapotea kila mara.

5. Rekodi sauti. Weka simu ya pili umbali wa mita moja, chapa kwa nguvu zako za kawaida, halafu sikiliza. Fanya hivyo kwa kibodi mbili tofauti ulinganishe. Duka la barabarani lina kelele za bodaboda, kwa hiyo sikio peke yake linadanganya.

6. Kama ni mtumba, tazama vitufe kwenye mwanga. Vinavyong'aa na vilivyofutika herufi vimetumika sana, na mpira wa chini yake huenda umechoka vilevile.

7. Jiulize kama unahitaji namba za upande wa kulia. Mhasibu anazihitaji. Asiyezihitaji anaweza kuchukua kibodi fupi: mauzi inakaa karibu, na bega la kulia halinyooshwi kutwa.

Utulivu bila mkao mzuri haufai

Kibodi ikiwa tulivu lakini imewekwa vibaya, mikono itauma tu. Viwiko vikae karibu na mbavu, vikunjwe karibu nyuzi 90. Vifundo vya mikono vibaki vimenyooka, visipinde kwenda juu.

Hapo wengi wanakosea kwa kusimamisha vile vimiguu vya nyuma ya kibodi. Vinainua upande wa nyuma, na mikono inalazimika kupinda kuufuata. Kwa watu wengi ni afadhali vimiguu vikunjwe.

Kama meza ni ndefu mno, kalia mto. Miguu ikining'inia, weka kitu cha kuikanyagia.

Kama hela haijatimia

Kuna hatua zisizo na gharama. Tandika kitambaa kizito au kipande cha zulia chini ya kibodi. Sogeza meza iachane na ukuta unaopakana na jirani. Punguza nguvu: bonyeza hadi herufi itokee, usisubiri kitufe kigonge chini. Inachukua muda kuzoea, ila vidole vinashukuru.

Kiangazi cha Tabora kina vumbi, na vumbi likiingia chini ya vitufe linafanya vikwaruze na kukwama. Chomoa kibodi, igeuze, itikise taratibu, pitisha brashi laini, kisha ifunike kwa kitambaa kila ukimaliza kazi.

Dalili za kutopuuza

Kwa mchapaji, mkono ndio mtaji. Ganzi kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, inaweza kuwa ishara kwamba neva inayopita kwenye kifundo cha mkono imebanwa. Vivyo hivyo kikombe kikianza kukuponyoka mkononi bila sababu.

Hapo kubadilisha kibodi peke yake hakutoshi. Pumzisha mikono na muone daktari mapema. Kwa wakazi wa Tabora, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete iko mjini hapohapo. Ukivumilia muda mrefu, misuli ya chini ya dole gumba inaweza kusinyaa, na nguvu iliyopotea hivyo hairudi kirahisi.

Kwa kifupi: anza na kibodi ya mkasi au ya mpira iliyo nyepesi, kwepa swichi za bluu, jaribu A kwa kidole kidogo, na usilipe kabla hujasikia kitufe cha nafasi kinavyolia.