Maungio ya Bega na Nyonga

Neno kiungo limelemewa na kazi nyingi. Mpishi hulitumia kwa ndimu na bizari, mwalimu kwa jicho au ini, na mwenye maumivu kwa mahali mifupa miwili inapokutana. Hapa nitatumia neno maungio kwa maana hiyo ya mwisho, ili msomaji asipotee.

Katika maungio yenye mwendo, ncha za mifupa hazigusani zikiwa tupu. Kila ncha imevikwa gegedu, nayo ni laini na yenye utelezi. Zote zimo katika mfuko wenye ute mchache, na kano ngumu hufunga mfupa kwa mfupa. Kisugudi hukunja na kukunjua kama bawaba ya mlango. Lakini kugeuza kitanga cha mkono si kazi ya bawaba hiyo: chini ya kisugudi mna mifupa miwili, na ule wa upande wa gumba huzunguka ukampanda mwenziwe.

Bega na nyonga ni ndugu wa umbo moja, yaani kichwa cha mviringo kikaacho katika kikombe, lakini tabia zao hazifanani. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kikombe chake kimeingia ndani sana, kimekikumbatia kichwa cha mfupa wa paja, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa kiwiliwili unapotua. Bega ni kama chungwa juu ya kisahani. Kichwa ni kikubwa, kisahani ni kidogo tena hakina kina, na kinachokishika kichwa mahali pake ni misuli na kano zaidi kuliko mfupa. Ndiyo sababu mtu huweza kurusha wavu, kujikuna mgongo na kugusa dari kwa mkono ule ule. Na ndiyo sababu bega huteguka kuliko maungio mengine yote makubwa.

Mara nyingi kichwa hutokea mbele, mkono ukiwa umeinuliwa kisha ukasukumwa nyuma. Watazamaji huwa wepesi wa kuvuta, na hilo ni jambo la hatari: kuteguka na kuvunjika huweza kutokea pamoja, na kwapani hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Mkono na ushikizwe kwa kanga katika hali ile ile ulivyokutwa, mgonjwa apelekwe kwa tabibu, naye atapima kwanza kama ngozi ya bega ingali na hisi, kabla ya kuurudisha mfupa.