Kitanda cha Kamba na Majina ya Viungo Vyake

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mithali hii twaisikia mara nyingi, na watoto wa shule waijua kwa moyo; lakini tukiwauliza mvungu ni nini, wengi hujibu kwa kukisia. Mvungu ni nafasi iliyo wazi chini ya kitanda. Jina hili limehifadhiwa na mithali. Majina mengine ya kitanda hayakupata bahati hiyo, nayo yapotea pamoja na kazi ya mafundi. Kwa hiyo twaona yafaa kuyaeleza.

Kitanda cha kamba cha pwani kina miguu minne iitwayo matendegu. Miti miwili mirefu ya ubavuni ni mifumbati, na miwili mifupi, wa kichwani na wa miguuni, ni vitakizo. Upande wa kulazia kichwa ni mchago. Majina haya yamo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939.

Fundi huchonga miti kwa tezo na kuilainisha kwa randa. Matendegu mazuri hukerezwa kwa keezo. Kisha hutoboa matundu katika matendegu kwa juba, na ncha za mifumbati na vitakizo huzichonga ndimi za kuingia humo. Hapo ndipo ustadi wake ujulikanapo. Ulimi ukiwa mwembamba, kitanda chalegea. Ukiwa mnene kupita kiasi, tendegu lapasuka. Tena sharti mti uwe umekauka vema, kwa maana mti mbichi husinyaa baadaye, na ulimi hucheza tunduni.

Viungo vikiisha kushikana, kitanda huwambwa kwa kamba za makumbi au kwa mashupatu, yaani mikanda iliyosukwa kwa ukindu. Wengine hudhani kuwamba ni kutengeneza pa kulalia tu, sivyo. Kamba zikikazwa huivuta miti yote kuelekea kati, na ndimi huzidi kuzama matunduni. Hata uzito wa alalaye wazidi kuzikaza. Ndiyo sababu kitanda hiki hakihitaji msumari.

Basi thamani yake ni hii: kamba zikilegea, hukazwa, mfumbati ukivunjika, hutiwa mwingine, na matendegu yale yale hubaki. Kitanda cha mbao zilizobandikwa kwa gundi huenda kikauzwa rahisi, lakini kiungo chake kikiisha kung'oka, ni shida kukitengeneza tena.

Twawasihi walimu wawapeleke wanafunzi kwa seremala mzee, wamwulize jina la kila kipande na kuliandika kama alitamkavyo. Na mwenye haja ya kitanda amwagizie fundi huyo huyo kazi, ampe ujira unaomstahili. Kwani fundi asiyepata tena tendegu la kuchonga hatamfundisha mwanawe kulichonga, wala jina lake.