Kamba ya Kukwamulia Gari Hainunuliwi kwa Macho

Kakesio ni kata iliyo upande wa kusini-magharibi wa Hifadhi ya Ngorongoro, mbele ya Endulen, ambako nchi huanza kuteremka kuelekea Ziwa Eyasi. Msafiri atokaye Karatu hupita lango la Lodoare, hupanda ukingo wa kreta, kisha huishika njia ya Endulen kabla ya kuifikia. Wakati wa kiangazi njia hiyo ni vumbi na mawe. Wakati wa masika mambo hubadilika: udongo mweusi hunywa maji ukavimba kama unga uliokandwa, majivu ya volkano ya kale hugeuka utelezi, na korongo lililokuwa kavu asubuhi huwa mto jioni. Hapo Laetoli, jirani na Kakesio, kundi la watafiti wa Dakta Mary Leakey lilizikuta mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu yaliyolowana, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Ardhi iliyoushika mguu wa kiumbe ikauhifadhi muda wote huo, si ajabu kwamba hulishika na gurudumu la lori.

Kwa mkazi wa mjini, gari kukwama ni kero ya saa moja. Kwa mkazi wa Kakesio ni jambo la chakula na uhai. Kilimo kilipigwa marufuku ndani ya Hifadhi mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikasimamishwa mwaka 2009. Kwa hiyo unga wa mfugaji hautoki shambani kwake. Waja juu ya gari, kutoka Karatu na kwingineko. Gari hilo likizama, bei ya debe hupanda na sufuria hukaa tupu. Hali kadhalika mama mwenye uchungu wa kuzaa, akipelekwa kutafuta huduma, hana la kufanya ila kumngojea dereva na utingo wamalize kuchimba tope.

Ndiyo maana twasema kwamba zana za kukwamulia gari si pambo la wageni waendao kutazama simba. Ni vifaa vya kazi, sawasawa na jembe na mizani. Na kama ilivyo kwa vifaa vyote vya kazi, yatupasa kujua namna ya kuvichagua, na kujua vimetengenezwa wapi na nani.

Hatari Iliyofichika

Wahenga walisema ukambaa hukatikia pabovu. Maneno hayo ni kweli tupu penye gari lililokwama. Kanuni ya mafundi ni kwamba gari lililozama hadi kwenye ekseli laweza kudai nguvu inayokaribia uzito wake mzima ili litoke, na likizama zaidi, nguvu hiyo huzidi. Basi gari la tani 3 pamoja na mzigo wake si jambo la kamba ya kufungia magunia. Kamba ikivutwa hujaa nguvu kama upinde. Kiungo kimoja kikivunjika, nguvu hiyo yote hutoka kwa mara moja, na kipande cha chuma kilichokuwa kwenye ncha huruka kama risasi. Katika nchi mbalimbali watu wamekwisha kufa kwa namna hiyo, na mara nyingi aliyeuawa ni dereva aliyeketi ndani ya gari, au kijana aliyesimama kando akitazama.

Ubaya wa zana dhaifu ni kwamba haionekani udhaifu wake dukani. Kamba mbovu na kamba nzuri huweza kuwa na rangi moja ya machungwa, na mfuko mmoja mzuri. Mnunuzi aendaye kwa macho na kwa bei atarudi na kile ambacho muuzaji alitaka kukiondoa rafuni.

Tusome Kilichoandikwa

La kwanza ni kutofautisha kamba mbili ambazo watu wengi huziita kwa jina moja. Iko kamba ya nailoni inayonyumbuka. Gari la kuvutia huondoka polepole, kamba hurefuka kiasi cha sehemu moja kwa tano au zaidi, kisha hujirudi na kulitoa gari topeni bila kishindo kikali. Na iko kamba ya poliesta, isiyonyumbuka sana, ambayo kazi yake ni kuvuta gari bovu barabarani au kurefusha waya wa winchi. Ukiivuta hii ya pili kwa kishindo, mshtuko wote huenda kwenye chesi na kwenye kulabu. Mnyororo ni mbaya zaidi, kwa kuwa haunyumbuki hata kidogo.

La pili ni uzito. Kamba ya kunyumbuka yafaa iwe na nguvu ya kukatika iliyo mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari pamoja na shehena. Kwa gari la tani 3, tafuta ya tani 6 hadi 9. Kamba nyembamba mno itakatika. Nene mno haitanyumbuka, na faida yake itapotea. Tukumbuke pia kwamba nailoni ikilowa maji hupungua nguvu, na ikianikwa juani miaka mingi huchakaa. Kwa hiyo ioshwe tope, ikaushwe kivulini, itunzwe ndani ya gunia.

La tatu ni shekeli, yaani ile pingu ya chuma yenye pini ya skurubu, inayounganisha kamba na gari. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kamba huandikwa nguvu ya kukatika, bali shekeli njema huandikwa uzito wa kufanyia kazi. Hizo ni hesabu mbili mbalimbali. Shekeli ya unene wa milimita 19, iliyopigwa chapa ya tani 4.75, ikitoka kiwanda cha kuaminika huwa na nguvu ya kukatika mara 6 ya hiyo, yaani zaidi ya tani 28. Shekeli isiyo na maandishi yoyote, au yenye karatasi iliyobandikwa tu bila chapa ndani ya chuma chenyewe, iachwe hapo hapo dukani. Siku hizi iko pia pingu ya kamba, iliyosukwa kwa nyuzi za Dyneema zilizotokana na maabara ya kampuni ya DSM ya Uholanzi. Hiyo ni nyepesi, na ikikatika hairuki kama chuma, lakini mawe makali na mchanga huila upesi.

La nne ni winchi. Inunuliwe yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari lenye mzigo. Tena ijulikane kwamba uwezo ulioandikwa hupatikana pale tu waya unapokuwa kwenye zamu ya kwanza ya ngoma. Kila zamu inayoongezeka juu yake hupunguza nguvu. Fundi mwenye akili huongeza kapi moja kwenye mti au kwenye gari jingine, akaurudisha waya, na nguvu ikakaribia kuwa maradufu. Kapi ni rahisi kuliko winchi kubwa.

Zimetengenezwa Wapi?

Watu hupenda kuuliza: je, ni ya Marekani, au ni ya China? Swali ni zuri, lakini halitoshi. Jeki ndefu ya Hi-Lift yatengenezwa Bloomfield, katika jimbo la Indiana, Marekani, na historia yake yaanzia mwaka 1905. Kampuni ya Warn, iliyoanzishwa mwaka 1948, ina makao yake Clackamas, jimbo la Oregon. Vibao vya plastiki ngumu vya kuwekwa chini ya gurudumu, viitwavyo Maxtrax, vyatoka Australia, na vilianza mwaka 2005. Shekeli za Green Pin ni za kampuni ya Van Beest ya Sliedrecht, Uholanzi. Majina hayo yamepata sifa kwa sababu nyuma yake yuko mtu anayejulikana, aliyepima chuma chake akaandika kipimo, na ambaye aweza kuulizwa kikivunjika.

Hata hivyo jina la nchi peke yake si hati ya ubora. Warn yenyewe huuza winchi zilizotengenezwa Marekani na nyingine zilizotengenezwa China. China ina viwanda vinavyofua chuma cha kuaminiwa kabisa, na ina vingine vinavyofua chochote alichoagiza mfanyabiashara atakaye faida ya haraka. Anayeagiza bidhaa hafifu akaileta hapa na kuipiga chapa ya mwenziwe ndiye adui wa dereva, awe wa taifa lolote. Ndiyo sababu ya kuwako kwa Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 1975, na ndiyo sababu Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Mwananchi aliyeuziwa shekeli ya bandia asiitupe kimya kimya. Aipeleke, aonyeshe na risiti.

Na sisi je, hatuna letu? Tunalo. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 230,000, ikawa mbele ya mataifa yote duniani. Kisha nyuzi za viwandani zikaishusha bei ya katani. Kamba ya katani bado ni njema kwa kufungia mzigo, lakini hainyumbuki kama nailoni, tena huoza kwa unyevu. Tusiivutie gari topeni kwa ajili ya kuona fahari. Arusha nayo ilikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichosimama mwaka 2009. Mambo haya yatufundisha kwamba uwezo wa kutengeneza tumekuwa nao, na kwamba uwezo usiotunzwa hupotea.

Leo hii yapo tunayoweza kuyatengeneza bila kungoja meli. Fundi wa kuchomelea wa Karatu aweza kukata sahani nene ya chuma, kuitoboa matundu ili iwe nyepesi na yenye kushika, ikawa kibao cha kukanyagia gurudumu. Seremala aweza kuandaa ubao mpana wa kuweka chini ya jeki ili isizame. Vibao hivyo vina faida nyingine, kwa kuwa ndani ya Hifadhi si halali kukata miti ovyo ili kutandika matawi chini ya magurudumu. Lakini fundi huyo asiombwe kutengeneza shekeli kwa nondo, wala kuchomelea kulabu ya kuvutia kwenye bampa. Chuma cha kuvutia hufuliwa na kupimwa kiwandani. Kulabu hufungwa kwenye chesi kwa bolti zenye daraja linalojulikana.

Yatupasa Kufanya Nini

Kwanza, tuanze na vya bei nafuu, maana ndivyo vinavyokwamua magari mengi: beleshi, vibao viwili, jeki na ubao wake, kipimo cha upepo na pampu. Kupunguza upepo wa matairi kutoka paundi 35 hadi karibu 20, penye mchanga na majivu, hulipanua tairi likaelea badala ya kuchimba. Baada ya kutoka, upepo urudishwe. Kisha ndipo zifuate kamba moja ya nailoni, shekeli mbili, na kapi. Winchi iwe ya mwisho.

Pili, kijiji, chama cha ushirika au zahanati isiyoweza kununua peke yake ishirikiane na jirani. Sanduku moja la zana njema, lenye daftari la kuazimia na mtu mmoja wa kulijibia, lafaa kuliko kamba kumi mbovu zilizotapakaa katika magari kumi.

Tatu, dereva na utingo wafundishwe. Kamba isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela, maana hakikuundwa kwa kazi hiyo na ndicho kilichoua watu wengi. Gunia zito au koti nene liwekwe juu ya waya kabla ya kuvuta. Watoto na watazamaji waondolewe mbali, umbali uzidio urefu wa kamba. Mmoja tu ndiye atoe amri.

Nne, na hili twalielekeza kwa ndugu zetu wa kamati za halmashauri, madiwani, na maofisa wa ununuzi. Zabuni iandikayo "kamba ya gari, moja" humpa ushindi yule aliye na kamba mbovu kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye mwenye bei ya chini. Iandikwe: kamba ya nailoni ya kunyumbuka, nguvu ya kukatika tani 8, yenye lebo ya mtengenezaji; shekeli 2 za tani 4.75, chapa ndani ya chuma. Maneno hayo machache hayagharimu kitu, na humfungia mlango mwuzaji wa bandia kabla hajaingia.

Cha rahisi ni ghali. Mfanyakazi apelekaye unga na dawa hadi Kakesio amekubali kupambana na tope kwa ajili ya wenziwe. Haki yake ndogo ni kwamba tukimtuma safari hiyo, tumpe kamba tuliyoisoma maandishi yake sisi wenyewe kabla ya kuilipia.